Moli Kwanza, Logi Mwisho: Mwongozo Kamili wa Kukokotoa pH na Kutengeneza Bafa

Birika la umeme likichemshia maji ya bomba ya Dodoma kwa majuma mawili matatu, sakafu yake huota ukoko mweupe. Ukoko huo kwa sehemu kubwa ni kalsiamu kaboneti. Maji ya visima virefu, ambavyo kwa miaka mingi vimelisha jiji kutoka Mzakwe kule Makutupora, hupita kwenye udongo na miamba yakibeba kalsiamu na baikaboneti. Yakichemka, kaboni dayoksaidi inatoroka, msawazo unavutwa upande mmoja, na chokaa inabaki chini:

Ca²⁺ + 2HCO₃⁻ ⇌ CaCO₃ + CO₂ + H₂O

Anayeuelewa mshale huo wa pande mbili ameshaelewa nusu ya hesabu za pH. Nusu ya pili ni utaratibu, na hapo ndipo wanafunzi wengi wa kidato cha sita na wa mwaka wa kwanza chuoni wanapojikwaa: wanabonyeza logi kabla ya kujua ndani ya chupa kumebaki nini. Hapa tunafuata utaratibu mmoja kwa kila swali. Hesabu moli, acha vinavyomalizana vimalizane, tazama kilichobaki, ndipo uchague mlinganyo.

Kipimo na joto lake

pH ni logi hasi ya ukolezi wa ayoni za haidrojeni, ukolezi ukiwa katika moli kwa lita (M):

pH = −log[H⁺]

Kwa kuwa logi ni ya msingi wa kumi, pH ikishuka kutoka 5 hadi 4 ayoni zimeongezeka mara kumi. Ikishuka hadi 3, mara mia. Kurudi nyuma ni [H⁺] = 10⁻ᵖᴴ, hivyo pH 3.40 ni 4.0 × 10⁻⁴ M. Tarakimu zilizo baada ya nukta ndizo zinazohesabika kuwa muhimu, kwa hiyo 3.40 ina mbili tu. Jibu la 3.39794 linaonyesha tu kwamba kikokotoo chako kina kioo kipana.

Maji yenyewe huvunjika kidogo kuwa H⁺ na OH⁻, na zao la viwili hivyo halibadiliki joto lisipobadilika. Kwenye 25 °C ni Kw = 1.0 × 10⁻¹⁴, ndiyo maana tunaandika pH + pOH = 14.00, pOH ikiwa logi hasi ya [OH⁻]. Mwezi wa Oktoba, maabara isiyo na feni ikifika 30 °C, pKw, yaani logi hasi ya Kw, inakuwa 13.83, na maji safi yasiyo asidi wala besi yana pH 6.92. Mita ikikuonyesha 6.92 siku hiyo, usianze kuitafuta asidi isiyokuwepo.

Andika moli kabla ya chochote

Changanya mL 40.0 za asidi ya haidrokloriki 0.10 M na mL 25.0 za sodiamu haidroksaidi 0.20 M. pH ni ngapi?

Chora safu tatu: mwanzo, badiliko, mwisho. Zijaze kwa milimoli, usizijaze kwa ukolezi, kwa sababu ujazo unabadilika ukichanganya lakini moli zinahesabika. Mwanzo: H⁺ ni 40.0 × 0.10 = milimoli 4.0, OH⁻ ni 25.0 × 0.20 = milimoli 5.0. Zinamalizana nne kwa nne. Mwisho inabaki OH⁻ milimoli 1.0 ndani ya mL 65.0, yaani 0.0154 M. pOH ni 1.81, pH ni 12.19.

Kosa linalojirudia kila mwaka ni kutafuta wastani wa pH mbili: 1.00 na 13.30, ugawe kwa mbili, upate 7.15. Logi haziwekwi kwenye wastani namna hiyo. Ni sawa na kutafuta wastani wa namba za nyumba ili ujue mtaa una watu wangapi.

Baada ya vitu kumalizana, chupa yako itakuwa katika mojawapo ya hali nne. Imebaki asidi kali au besi kali. Hiyo pekee ndiyo inayotawala, hata kama kuna dhaifu pembeni. Imebaki asidi dhaifu peke yake, au besi dhaifu peke yake. Imebaki chumvi tu ya kitu dhaifu. Au wamebaki wenza wawili pamoja, asidi dhaifu na besi mwenza wake (kile kinachobaki asidi ikishatoa H⁺), na hiyo ndiyo bafa, myeyusho unaozuia pH isihame kwa urahisi. Ukishajua uko katika hali ipi, hesabu iliyobaki ni ya dakika mbili.

Asidi kali na besi kali

Hapa hakuna msawazo wa kuhangaikia, maana zinavunjika zote. HCl 0.020 M ina pH 1.70. Chukua mL 10.0 zake, jaza maji hadi mL 250 kwenye chupa ya ujazo: ukolezi unakuwa 8.0 × 10⁻⁴ M, pH 3.10. Sodiamu haidroksaidi gramu 0.50 ndani ya mL 250 ni moli 0.0125, yaani 0.050 M; pOH 1.30, pH 12.70. Kwa chokaa iliyoyeyuka, Ca(OH)₂, kumbuka kila moli moja inatoa OH⁻ mbili: 0.0050 M inatoa OH⁻ 0.010 M na pH 12.00.

Mtego uko kwenye asidi iliyozimuliwa mno. HCl 1.0 × 10⁻⁸ M haiwezi kuwa na pH 8, kwani asidi haigeuki besi kwa kuongezewa maji. Katika ukolezi huo, H⁺ za maji yenyewe ni nyingi kuliko za asidi, na lazima uzihesabu: x² − 10⁻⁸x − 10⁻¹⁴ = 0, x ni 1.05 × 10⁻⁷, pH 6.98. Ukolezi ukiwa chini ya takriban 10⁻⁶ M, simama ufikirie maji.

Asidi dhaifu, na lini uruhusiwe kukadiria

Asidi ya ethanoiki, ile ya kwenye siki, huvunjika kidogo tu:

CH₃COOH ⇌ H⁺ + CH₃COO⁻  Ka = 1.75 × 10⁻⁵ (pKa 4.76)

Ka hupima asidi inavyovunjika, na pKa ni logi yake hasi. Ukiita ayoni zilizotoka x na ukolezi wa mwanzo C, basi Ka = x² / (C − x). Kama x ni ndogo sana mbele ya C, unaiacha chini na kubaki na x = √(Ka × C). Kwa 0.10 M: x = 1.32 × 10⁻³, pH 2.88. Sasa hakiki: x ni asilimia 1.3 ya C. Iko chini ya asilimia 5, kadirio linakubalika.

Kwa 0.0010 M, njia hiyohiyo inatoa x = 1.32 × 10⁻⁴, ambayo ni asilimia 13 ya C. Kadirio limekataa. Rudi kwenye mlinganyo wa kwadratiki, x² + 1.75 × 10⁻⁵x − 1.75 × 10⁻⁸ = 0, upate x = 1.24 × 10⁻⁴ na pH 3.91 badala ya 3.88. Tofauti ni ndogo, lakini msahihishaji anatafuta kama ulihakiki, na kwenye asidi zenye Ka kubwa zaidi tofauti hiyo haitakuwa ndogo.

Siki ya dukani ya asilimia 5 ina takriban gramu 50 za asidi kwa lita. Gawa kwa 60.05: 0.83 M. pH inatoka 2.42. Linganisha na HCl ya ukolezi huohuo, ambayo ingekuwa karibu 0.1. Lakini zote mbili, lita kwa lita, zinahitaji kiasi kilekile cha sodiamu haidroksaidi kuzimaliza. pH inaeleza ayoni zilizo huru sasa hivi. Taitresheni, yaani kumwaga besi kidogo kidogo hadi asidi iishe, inahesabu zote, pamoja na zile ambazo bado hazijatoka. Anayechanganya mambo hayo mawili atapotea hadi mwisho wa somo.

Chumvi ya asidi dhaifu hufanya kinyume. Sodiamu ethanoeti 0.10 M: Kb, ambayo kwa besi ni kama Ka kwa asidi, = Kw / Ka = 5.7 × 10⁻¹⁰, OH⁻ ni √(5.7 × 10⁻¹¹) = 7.6 × 10⁻⁶, pH 8.88. Ndiyo sababu ukifanya taitresheni ya mL 25.0 za asidi ya ethanoiki 0.100 M kwa NaOH ya ukolezi huohuo, pale moli zinapotoshana pH haiwi 7 bali 8.73, maana kilichobaki ni ethanoeti 0.050 M. Fenolifthalini, kiashiria kinachobadilika rangi kati ya pH 8.2 na 10.0, inafaa hapo. Metili oranji, ya 3.1 hadi 4.4, ingegeuka rangi mapema mno, ukiwa bado katikati ya safari. Na ukitaka kupata pKa kwa vitendo bila kitabu, soma pH ukiwa umemwaga mL 12.5, nusu ya njia: hapo asidi na mwenza wake ni sawa, na pH ni pKa yenyewe.

Bafa: hesabu yake

Mlinganyo wa Henderson na Hasselbalch ni ule wa Ka uliopindwa tu kwa logi:

pH = pKa + log (moli za besi mwenza / moli za asidi)

Weka moli moja kwa moja, maana wote wawili wako kwenye chupa moja na ujazo unajifuta. Besi iko juu, asidi iko chini. Ukisahau, jiulize: nikiongeza besi pH inapaswa kupanda, je, mlinganyo wangu unapanda?

Chagua jozi ambayo pKa yake haiko mbali na pH unayoitaka, isizidi moja juu au chini. Ethanoeti ni ya 4.76, fosfeti (H₂PO₄⁻ na HPO₄²⁻) ni ya 7.20, amonia ni ya 9.25, kaboneti ni ya 10.33. Kuilazimisha ethanoeti ifanye kazi kwenye pH 7 ni kujidanganya: uwiano ungekuwa zaidi ya 170 kwa 1, na tone la asidi linatosha kuiondoa mahali pake.

Tuseme unataka mL 500 za bafa ya ethanoeti, ukolezi wa jumla 0.10 M, pH 5.00. Jumla ya moli ni 0.0500. Uwiano ni 10^(5.00 − 4.76) = 1.74. Besi ni 1.74 / 2.74 ya jumla, yaani moli 0.0317, asidi ni moli 0.0183.

Bafa: mezani

Sodiamu ethanoeti iliyozoeleka kwenye makopo ya maabara ina maji ya fuwele, CH₃COONa·3H₂O, na moli moja ni gramu 136.08. Pima gramu 4.32. Kama lebo inasema haina maji, moli moja ni gramu 82.03 na utapima gramu 2.60. Soma lebo kila mara. Mtu akipima gramu 2.60 za ile yenye maji, moli zake ni 0.0191 tu, uwiano unashuka hadi 1.05, na bafa inatoka na pH 4.78. Atailaumu mita bure.

Iyeyushe kwenye bika kwa mL 350 hivi za maji yaliyokenekwa. Ongeza mL 18.3 za asidi ya ethanoiki 1.0 M kwa bureti. Kama unayo ile kali isiyozimuliwa, ya takriban 17.4 M, unahitaji mL 1.05 tu, itoe kwa pipeti yenye balbu, kwenye chumba chenye hewa, na uitie asidi kwenye maji, kamwe usitie maji kwenye asidi. Koroga, subiri joto litulie, kisha tumbukiza elektrodi.

Mita itasoma karibu 4.9, si 5.00. Usishtuke. pKa ya 4.76 ni ya myeyusho mwepesi kupita kiasi. Kwenye chumvi ya kiasi hiki ayoni zinazuiana na pKa halisi inashuka kwa takriban 0.08. Rekebisha kwa NaOH 1 M, matone machache kwa wakati mmoja, ukikoroga na kusubiri usomaji utulie. Ndipo uhamishie kwenye chupa ya ujazo ya mL 500, suuza bika mara mbili na uimimine suuzo humo, jaza hadi alama. Atakayejaza hadi alama kwanza na kurekebisha baadaye atakuwa amepitisha ujazo. Na ukipitiliza pH, usiende mbele na nyuma kwa HCl na NaOH, kwa sababu kila safari inaongeza chumvi. Mwaga, anza upya.

Nguvu ya bafa hiyo ipimwe hivi. Chukua mL 100: ndani yake kuna besi milimoli 6.35 na asidi milimoli 3.65. Mwaga mL 1.0 ya HCl 1.0 M, milimoli 1.0. Besi inabaki 5.35, asidi inapanda hadi 4.65, pH 4.82. Imeshuka kwa 0.18. Mwaga mL hiyohiyo kwenye mL 100 za maji matupu, pH inaanguka hadi 2.00. Lakini bafa si kisima kisichokauka. Ukimwaga mL 7.0, besi yote imeliwa, milimoli 0.65 za asidi kali zinabaki huru ndani ya mL 107, na pH ni 2.2. Mlinganyo wa Henderson na Hasselbalch hapo haufanyi kazi tena, kwa sababu uko katika hali ya kwanza kati ya zile nne.

Maji unayotumia

Kwa nini tunasisitiza maji yaliyokenekwa? Tuseme maji ya kisima yana baikaboneti miligramu 300 kwa lita. Hiyo ni milimoli 4.9 kwa lita, au 2.46 ndani ya mL 500. Baikaboneti ni besi. Itakula asidi yako milimoli 2.46 na kuigeuza ethanoeti. Asidi inakuwa 15.8, besi 34.2, na pH ya hesabu inahama kutoka 5.00 hadi 5.10. Kwa bafa ya 0.010 M ingekuwa balaa, kwani asidi yote uliyoiweka ni milimoli 1.83 tu. Ukitumia fosfeti kwenye maji magumu, tatizo ni jingine: kalsiamu inashikana nayo, myeyusho unakuwa na ukungu mweupe, na fosfeti uliyoihesabu iko sakafuni mwa chupa.

Shule isiyo na mtambo wa kukeneka huweza kununua maji ya betri kwenye duka la vipuri. Angalia chupa vizuri, maana duka hilohilo linauza asidi ya betri, ambayo ni asidi ya salfuriki, na rafu huwa ni moja. Kuchemsha maji ya bomba hakutoshi: ugumu unapungua lakini sodiamu na kloridi zinabaki zote.

Hata maji yaliyokenekwa, yakikaa wazi, hunywa kaboni dayoksaidi ya hewani hadi pH karibu 5.6. Hilo si tatizo kwa bafa ya 0.10 M, ila kwa myeyusho wa NaOH ni wizi wa taratibu. Kabla ya kuandaa NaOH ya taitresheni, yachemshe maji hayo kwa dakika tano na uyapoze yakiwa yamefunikwa. Kwa mwinuko wa Dodoma, zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, yatachemka kwenye takriban 96 °C. Haiharibu kazi, lakini usitumie maji yanayochemka kuhakiki kipimajoto ukitegemea kuona 100.

Bafa ya pH 10 kwa kupima ugumu wa maji

Hii ndiyo bafa ya kupimia ugumu wa maji, yaani kalsiamu na magnesiamu zilizomo, maana ugumu hupimwa kwa taitresheni ya EDTA (kemikali inayozishika ayoni hizo) na kiashiria cha Eriochrome Black T. Yeyusha gramu 17.5 za amoniamu kloridi kwenye mL 142 za amonia kali ya maji, kisha jaza maji hadi mL 250. Hesabu inakubali: 17.5 / 53.49 ni moli 0.327 za asidi; amonia ya takriban 14.8 M inatoa moli 2.10, uwiano 6.4, logi yake 0.81, na 9.25 + 0.81 ni 10.06.

Kwa nini kumi? pH ikiwa chini, magnesiamu haishikwi barabara na EDTA, na mabadiliko ya rangi kutoka nyekundu ya divai kwenda buluu yanakuwa ya kuvutavuta. pH ikipanda kuelekea 12, magnesiamu inajitenga kama mashapo ya haidroksaidi na hutaihesabu. Weka mL 1 au 2 za bafa kwenye sampuli ya mL 50, kisha maliza taitresheni ndani ya dakika tano, la sivyo kalsiamu kaboneti inaanza kujitenga. Baikaboneti ya sampuli haitaisumbua bafa: mL 50 za maji tuliyoyataja zina milimoli 0.25, wakati mL 1 ya bafa ina amonia milimoli 8.4. Ila kama sampuli ilihifadhiwa kwa asidi ya naitriki, imalize kwanza kwa NaOH.

Udhaifu wa bafa hii ni chupa yake. Amonia inaruka, na kwenye joto la mchana inaruka haraka zaidi. Kila inayotoka inapunguza besi na kushusha pH. Tumia chupa ya plastiki yenye kifuniko kinachobana, andika tarehe, na usiitumie kupita mwezi mmoja. Dalili ya kuchoka ni rangi isiyokatika.

Mita ya pH kwenye hewa kavu

Kabla ya kazi, weka mita sawa kwa bafa mbili zinazozunguka pH unayoipima: 7.00 na 4.01 kwa upande wa asidi, 7.00 na 10.01 kwa upande wa besi. Thamani hizo ni za 25 °C. Kwenye kifurushi kuna jedwali la joto mengine, lifuate. Suuza elektrodi kati ya bafa moja na nyingine, ifute kwa kuigusisha karatasi laini tu; ukiisugua unaiwekea umeme tuli na usomaji unayumba. Mteremko wa mita unapaswa kuwa karibu na milivolti 59.2 kwa kila pH moja kwenye 25 °C. Chini ya asilimia 95 ya hapo, safisha. Ikiendelea, elektrodi imezeeka.

Kiangazi cha Dodoma ni adui wa elektrodi. Ikiachwa wazi usiku mmoja inakauka na kuota chumvi nyeupe shingoni. Ihifadhi kwenye potasiamu kloridi 3 M, gramu 22.4 kwa mL 100, kamwe si kwenye maji yaliyokenekwa, yanayovuta chumvi kutoka ndani yake. Iliyokauka iloweke humo usiku kucha kabla ya kukata tamaa. Bafa uliyoimimina kwenye kikombe usiirudishe chupani, hasa ya 10.01, ambayo hunywa kaboni dayoksaidi na kushuka.

Juisi ya zabibu: bafa iliyojitengeneza

Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, na juisi yake ni bafa ya asidi ya tataliki na chumvi zake za potasiamu. Gramu 1 ya asidi ya tataliki kwenye lita ya maji matupu huleta pH karibu 2.7. Gramu hiyohiyo kwenye lita ya juisi hushusha pH kwa takriban 0.1 tu, na kadirio hilo hutofautiana kati ya juisi na juisi. Kwa hiyo jaribu kwanza: mL 100 za juisi, ongeza gramu 0.05, koroga, pima, ongeza tena, kisha zidisha kwa pipa zima.

Kwenye ukanda wa joto asidi ya maliki, iliyomo pia kwenye zabibu, huliwa na tunda lenyewe linapoiva, hivyo pH hupanda, na mtengeneza divai anaiona athari yake kwenye salfa dayoksaidi anayotia kuhifadhi divai. Sehemu inayoua vijidudu ni ile isiyovunjika, pKa yake 1.81. Kwenye pH 3.2 ni 1 / (1 + 10^1.39), yaani asilimia 3.9 ya ile iliyo huru. Kwenye pH 3.8 ni asilimia 1.0. Ukilenga miligramu 0.8 kwa lita za sehemu hiyo, divai ya kwanza inahitaji miligramu 20 za salfa dayoksaidi huru, ya pili 79, karibu mara nne.

Potasiamu metabaisalfaiti hutoa asilimia 57.6 ya uzito wake kama salfa dayoksaidi. Kuongeza miligramu 20 kwa lita kwenye pipa la lita 100 ni gramu 2.0, ugawe kwa 0.576: gramu 3.5. Sehemu yake itashikwa na sukari na vitu vingine vya divai, kwa hiyo pima ile iliyo huru kesho yake kabla ya kuongeza tena. Rekebisha pH kwanza, ndipo salfa ifuate.